Mchota Maji wa Bumbire: Kwa Tata Yetu, Datius Karugendo

Tata, baba yetu, mwaka umetimia tangu utuache asubuhi ile ya Agosti 1974, kahawa ikiwa bado imeanikwa uani. Wenzangu wamenipa kalamu mimi Jovita, kwa kuwa kaka yangu Clavery angeandika mistari miwili na kuomba chai. Basi nisikilize, na wasomaji wasikilize nao.

Wewe ulikuwa mtu wa kitalu. Miaka ishirini na miwili pale kituo cha utafiti Maruku uliinywesha miche ya kahawa, na ulimsalimu kila mtu, hata aliyekununia. Mche ulionyauka hukuutupa. Uliuleta nyumbani kwa baiskeli, ukauweka nyuma ya jiko, na Mama akalalamika kwamba nyumba imegeuka hospitali. Mibuni uliyoipanda kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, wiki ile ya Uhuru imezaa mwaka huu mpaka tumeiegemeza kwa miti.

Na kyebugo, Tata! Hakuna jirani asiyekijua. Sifa zile alizojitungia Mutalemwa, babu wa babu yako, za siku dhoruba ya ziwani ilipomtoa kisiwani na kumtupa pwani yetu, ulizitoa kila ulipopata kikombe cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, umeshika mkuki wa babu:

*Tulitoka Bumbire, anga jeusi kama tako la chungu.*
*Mawimbi yakasimama, yakapita paa la msonge.*
*Wenzangu tisa wakashika makasia,*
*na mtumbwi haukuzama.*

Sote tuliamini kwamba Mutalemwa alikuwa nahodha. Wewe mwenyewe ulipofika kwenye makasia ulijinyoosha kama mtu anayeongoza mtumbwi, nasi watoto tukakupigia makofi.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nane. Clavery alimpenda Felicitas wa Kagondo, ukapeleka posa, posa ikarudi. Wazee wa kule walisema, "Ukoo wenu hatujui ulikotoka. Ninyi mliletwa na upepo." Mawe, mama yangu! Clavery hakula siku mbili. Mimi nilitaka niende nikawape vidonge vyao, ukanishika mkono.

"Hawajakosea," ulisema. "Upepo ulituleta kweli. Sasa ngoja nikamtafute anayetujua huko ulikotutoa."

Jumamosi tatu ulipanda baiskeli hadi Muleba, ukapita vijiji vya ziwani ukiuliza ni nani anayeijua dhoruba hiyo. Watu walikutazama kama aliyepotelewa na ng'ombe. Jumamosi ya tatu ulimkuta mzee mmoja, Ta Rugaibula, akisuka mtego wa samaki mlangoni pake. Ulianza kyebugo, naye akakidaka kabla hujafika katikati, neno kwa neno. Ulituambia machozi yalikutoka, na hukuona aibu kutuambia. Babu zake walikuwa miongoni mwa wale tisa. Dhoruba ilipotulia walirudi kwao Bumbire, baadaye wakahamia bara. Mutalemwa alikuwa mgonjwa wa mikono, akabaki huku. Ukoo wetu una kwao, na kwao wanatujua kwa jina.

Ila kyebugo cha Ta Rugaibula kilikuwa na mstari mmoja zaidi, ambao mzee wetu fulani aliuacha njiani kwa aibu zake:

*Mimi nikashika kibuyu, nikachota maji.*

"Huyo wenu hakuwa nahodha," Ta Rugaibula alikwambia akicheka. "Alikuwa akimwaga maji yanayoingia mtumbwini. Ile kazi ya asiye na kasia."

Ulirudi Jumapili, ukatutolea kyebugo kizima. Clavery alipousikia mstari huo alikupigia magoti. "Tata, nakuomba, umeze huo mmoja tu. Waambie tunatoka Bumbire, inatosha. Wakisikia kibuyu watatucheka na Felicitas nitamkosa."

"Nimeendesha baiskeli Jumamosi tatu, matako yameota sugu," ulimjibu, "halafu nije niumeze mstari?"

Tukaenda Kagondo. Ulisimama na mkuki mbele ya wakwe, ukakitoa chote, na ulipofika kwenye kibuyu hukushusha sauti. Mzee mmoja alicheka puani. Clavery alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, natamani ardhi ipasuke.

Ndipo bibi yake Felicitas, Ma Kokubanza, akauliza, "Dhoruba ilidumu kiasi gani?"

"Mpaka jua la pili, waitu, bibi yetu."

"Na kibuyu walipokezana?"

"Hapana. Kilikuwa kimoja, na mtu mmoja. Alibaki kwetu kwa sababu mikono ilikuwa haifungi tena."

Bibi akawageukia wanawe. "Mpiga kasia akichoka yupo wa kumsaidia. Huyu hakuwa na mtu, na hakuacha. Nyie mnatafuta nini tena? Mimi mjukuu wangu nampa mtu wa ukoo huo." Aliyecheka puani akaomba kikombe cha lubisi akuletee mwenyewe.

Mwaka uliofuata, shamba la ujamaa lilipoanza kijijini, walikutaka uwe mwenyekiti. Ulikataa, ukaomba ndoo za kunyweshea miche. Nilikuwa nikikuona unapita na ndoo mbili, shati limelowa, na nilijivuna, Tata. Sikukwambia wakati ule. Nakwambia leo.

Siku ya mazishi yako lori lilitoka Muleba limejaa watu. Ta Rugaibula alikuwa ameshatangulia, lakini wanawe walishuka, wakasema wamekuja kumzika ndugu yao, wakachukua majembe. Wale wazee wa Kagondo walikuwepo wakiangalia.

Misa yako itasomwa Jumamosi hii parokiani, saa tatu asubuhi. Baada ya misa tutakutana kibanjani, na watu wa Muleba wameshatuma salamu kwamba wanakuja.

Tunaokukumbuka bila kuchoka ni mke wako Alistidia, dada yako Anatolia, wanao Clavery na Jovita, mkweo Felicitas, mjukuu wako Mutalemwa, wana wa Rugaibula, na wote uliowanyweshea miche. Maadamu kibanja hiki kina mtu, jina lako litatajwa.

Mkuki wa babu tumempa Clavery. Wiki nzima amekuwa akijifunza kyebugo nyuma ya nyumba, nasi tunajifanya hatusikii. Akifika kwenye kibuyu, Tata, ndipo anapopaza sauti.