Moja Sita kwenye Dashibodi

Jumapili, jioni. Mawingu tangu asubuhi, lakini mimi nacheka peke yangu hapa kwangu, mtaani Pipeline.

Leo gari la Baba lilikuwa lifikishe kilomita 111,111. Baba amekuwa dereva wa magari ya watu maisha yake yote, na hili ndilo la kwanza kuwa lake. Alishamwahidi jirani kwamba akiiona tu namba hiyo kwa macho yake, anamuuzia. Mimi nafundisha hesabu, kwa hiyo namba yenyewe naipenda: uisome kutoka kulia au kushoto ni ileile, na inagawanyika kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, hata kwa 37, bila kubakiza kitu.

Lakini kuuza sikutaka. Tangu astaafu, Baba hajafika nyumbani Kakamega, na nilikuwa na hamu twende naye na gari hilo, hata mara moja. Sikumwambia. Mzee akishaahidi, ameahidi.

Tulitoka kanisani, mimi, Baba na Mama, mita ya gari ikisoma 111,107. Mpango wa Baba ulikuwa tufike kwao Ziwani, tuzunguke mtaa polepole hadi moja zote zijipange, tupige picha.

Pale Kariokor, Mama Nekesa wa kwaya akatusimamisha. Mtu wa kanisa hanyimwi lifti, hasa akiwa na mzigo, basi tukageuza kumpeleka Shauri Moyo. Akaketi, akashukuru, akaanzisha wimbo. Baba ni besi, na kwa besi hiyo kuna watu wamehama benchi. Mama akaingia na sauti ya pili, mimi makofi. Tuliimba beti zote. Mama Nekesa aliposhuka, Baba akatazama mita.

111,112.

Nilimwonea huruma kweli, maana ameingoja miezi. Halafu akili ya darasani ikaamka.

"Baba, ingine inayosomeka sawa pande zote ni 112,211. Ukiigawa kwa 11 unapata 10,201, na hiyo pia inasomeka hivyo hivyo. Ni tamu kuliko ile."

"Iko mbali?"

"Karibu kilomita elfu moja mia moja."

Mama, ambaye hesabu hajawahi kuzipenda, ndiye aliyemaliza. "Hiyo si ni Kakamega kwenda na kurudi, na za kanisani zinabaki?"

Baba akasema jirani aliahidiwa namba ikionekana, na namba haijaonekana. Akampigia simu, akamwambia asubiri hadi 112,211. Halafu akampigia Shangazi kule Kakamega, akamwambia atenge jogoo.

Nimefurahi hadi nimeunguza chapati.

Tunaondoka shule zikifungwa. Nimeweka sheria moja tu: ikifika 112,205, hakuna kuimba.

Lakini Baba akianza tena ile besi yake, ni mimi nitamnyamazisha? Nimeshaangalia. Inayofuata ni 113,311.