Ukame wa Nywele Kisondela

Mpendwa mshauri, shangazi yangu alitangaza Jumapili mezani, mbele ya mama na mchumba wangu Meshaki, kwamba Alhamisi saa nne asubuhi anakuja na kopo la dawa kulainisha nywele zangu, kwa hiyo naomba msaada wako haraka, maana Jumamosi ni sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, na mimi nafuga nywele za asili tangu dawa iliponiunguza kichwa nikiwa sekondari, nikaapa siirudii tena.

Shida ni kwamba nywele zimekauka kama majani ya mgomba yaliyoanguka, nikizigusa zinakatika, na nimejaribu kila kitu, nimeponda maparachichi ya nyumbani nikapaka nikafunga kitambaa mpaka asubuhi nikaenda hivyo hivyo kwaya, vipande vikaanza kudondokea kitabu cha nyimbo, mwenzangu akaninong'oneza, "Dada, na chumvi umeleta?", nikahamia ndizi mbivu, hizo hazikutoka kabisa na kuku wa mama wakawa wananifuata uani, nikanunua kopo la kijani lenye picha ya parachichi kwa Muddy sokoni Tukuyu, akaniapia linaleta unyevu, nalipaka asubuhi na jioni na sasa kichwa kinawasha, nimejikuna hadi nina vidonda.

Maji sithubutu, kwa sababu shangazi ana saluni na alinifundisha tangu utotoni kwamba maji yanaharibu nywele, ndiyo maana mvua ikianza, na huku unakujua, navaa kofia ya nailoni. Hiyo Jumapili shangazi alinitazama akasema, "Ugwe, wewe mtoto, hizo ni nywele au kiota? Chanuo likizama humo, Jumamosi tutaliaga pamoja na wewe." Meshaki akakohoa akaomba maji ya kunywa. Nipake nini nywele zipate unyevu kabla ya Alhamisi? Tafadhali usitaje jina langu redioni, shangazi hakosi kipindi chako.

Bibi harusi mtarajiwa, Kisondela

JIBU

Bibi harusi, pole kwa vidonda. Kwa yaliyobaki, hongera, maana umefanikisha jambo ambalo watu wa hali ya hewa hawajawahi kulitangaza: umeleta ukame Kisondela. Mvua inanyesha mpaka migomba imechoka, na kichwa kimoja tu wilaya nzima, chako, kimevaa nailoni na kinakufa kwa kiu.

Unyevu wa nywele ni maji, dada. Mafuta kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Wewe umefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu, kisha unashangaa mbona hakuna anayeitika. Geuza kopo la Muddy usome nyuma. Ukikuta vaselini na nta, na maji hayamo, umenunua kifuniko. Parachichi la kwenye picha lilikuja kupigwa picha tu, likaondoka. Lile la nyumbani lirudishe kwenye sahani, na mwenzako wa kwaya ameshakwambia linaliwa na nini.

Leo Jumanne nunua kondishena ya kuacha kichwani, ile ambayo maji yametajwa kwanza. Osha kichwa kwa shampuu isiyo kali mpaka mafuta yote ya Muddy yaondoke, taratibu penye vidonda, wala usikwangue. Nywele zikiwa bado mbichi, zigawe mafungu, paka kondishena kwenye nywele bila kugusa vidonda, kisha mafuta kidogo juu yake. Kidogo, nimesema, hukaangi mihogo. Suka mabutu, lala na kitambaa cha satini, maana cha pamba kinanyonya unyevu wote. Zikianza kukauka, nyunyizia maji. Hazitageuka kuwa nywele za mtu mwingine, ila zitalainika na zitapunguza kukatika. Vidonda vikitoa usaha, nenda zahanati. Na dawa ya kulainisha haipakwi kichwa chenye vidonda, jambo ambalo mwenye saluni analijua kuliko mimi.

Lakini nywele ndiyo sehemu rahisi ya barua yako. Umejaribu parachichi, ndizi na kopo zima la nta, na kitu pekee ambacho hujajaribu ni kumwambia shangazi, "Hapana." Ulikaa mezani ukasikia kichwa chako kinapangiwa saa, na nina hakika ulimwongezea na chai. Unaolewa, mama. Huko uendako kuna mashangazi wengine.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Ila kwa sendofu ya Jumamosi, kwaya, shangazi mwenye saluni na wale kuku, nadhani Kisondela wamebaki watu watatu wasiokujua, na shangazi si mmoja wao.

Shangazi, habari za asubuhi, na ndaga fijo, asante sana, kwa kutokosa kipindi. Binti ana jambo la kukwambia, na atalisema mwenyewe, mdomo wake ni mzima. Alhamisi saa nne nenda kama ulivyopanga. Dawa iache saluni, beba chanuo lenye meno mapana.