Nakala Iliyobaki

4 Machi

Mdogo wangu Wakili,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na wifi yangu na vitabu vyako pia. Sisi tunapumua. Goti langu linanisumbua kwa kusimama kutwa, lakini nani atasuka nimekaa? Kidoti hajambo, ameota meno mawili mapya na maswali mia.

Nakuandikia haraka, nisamehe nikiruka herufi. Jumamosi saluni ilijaa. Mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, nilimkalisha chini ya mashine ya kukaushia nywele. Akaanza kucheka na simu yake mpaka rola zikamlegea kichwani. Akaninyooshea: "Mama, hebu mwone huyu, utavunjika mbavu."

Nikamwona. Ni mwanangu. Yuko juu ya ngazi anafunga bango la lile duka la simu, anawapungia mkono waliosimama chini, anacheza kidogo, unamjua alivyokuwa mtu wa vituko, halafu anaanguka. Wametia muziki. Wamemrudisha nyuma apande tena, aanguke tena, apande, aanguke, kwa mdundo. Yule mwalimu hakujua. Nilimaliza kichwa chake, nikamwambia amependeza, nikaenda kujifungia chooni.

Mwaka haujaisha tangu tumzike. Kidoti hajui baba yake alikufaje. Tulimwambia aliugua, akalala hospitali, hakuamka. Mama yake alishaolewa kwingine, ana mimi tu. Na kila akitoka shule anakaa kwenye kile kiti kifupi karibu na sinki, katikati ya wateja na simu zao.

Wewe ndiye unayeandika kanuni za mtandao. Iondoe hiyo video kabla mtoto hajaiona. Sikuombi kingine.

Dada yako


15 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo, na goti limepoa. Sisi wazima. Wifi yako anauliza utakuja lini, anasema wasusi wa huku wanavuta nywele kama wanang'oa magugu.

Barua yako imenigusa. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya vikao vya kanuni mpya za biashara ya mtandaoni; wanasema bila mimi hakiendi kitu, basi kazi yote naangushiwa mimi. Sasa tuzungumze kitaalamu.

Kwanza, mimi ni mkuu wa kitengo cha sheria. Nikigusa shauri la ndugu yangu watanila nyama. Pili, marehemu hana faragha. Usikasirike, ndivyo ilivyo. Haki ya picha inakufa na mwenye picha. Wanaoruhusiwa kulalamika ni mjane na watoto wake. Mama hayumo. Lakini wewe ni mlezi wa Kidoti, kwa hiyo utalalamika kwa jina la Kidoti. Umeona ninavyokutafutia njia?

Tatu, kila nakala inalalamikiwa peke yake. Unaifungua, unaitazama mwanzo hadi mwisho, unaeleza kinachoonekana, unathibitisha umeiona kwa macho yako. Kifungu hicho ni changu. Watu walikuwa wanalalamikia vitu ambavyo hawajavitazama, wanatujazia ofisi. Tangu tukiweke malalamiko yamepungua sana, hata nilipongezwa.

Jikaze, Dada.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu Wakili,

Hamjambo? Huku tupo. Kidoti amekuwa wa pili darasani, analia kwa nini hakuwa wa kwanza. Amerithi kwako.

Nimefanya ulivyosema. Najifungia stoo, kati ya ndoo na makopo ya dawa za nywele, natia komeo, natazama. Lalamiko la kwanza niliandika "mwanangu anapanda ngazi." Wakanirudishia. Wakasema nieleze kinachoonekana, si uhusiano. Basi siku hizi naandika "mwanamume mwenye shati la bluu." Lile shati nililipiga pasi mimi asubuhi ile, nikamgombeza kwamba kola imekwisha.

Nikiondoa moja zinatokea nyingine. Kuna waliomvisha kofia ya mchekeshaji. Kuna waliomtia sauti ya kuku. Kuna duka la mtandaoni linauza ngazi, limeweka anguko lake juu ya bei na maneno: "Usinunue kama ya huyu jamaa." Watu wananunua kweli. Mmoja ameandika chini kwamba ngazi ilimfikia salama.

Kidoti anagonga mlango. "Bibi, unafanya nini humo kila siku?" Nikamwambia nahesabu makopo. Akasema, "Mbona makopo yanakuliza?"

Mdogo wangu, nimeshindwa. Mtafute mtu mwingine atazame badala yangu, hata karani wako. Mimi nimemwona mwanangu akifa mara nyingi kuliko nilivyomwona akila.

Dada yako


9 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mpongeze mjukuu wetu. Mwambie babu yake hakuwahi kuwa wa pili, ajitahidi.

Kuhusu mtu mwingine kutazama, haiwezekani. Tukikuruhusu wewe, kesho kila mtu ataleta wa kumtazamia. Wewe fikiria kwamba ni kazi tu, kama kichwa chenye chawa. Unakimaliza, unanawa.

Lakini hilo duka la ngazi! Dada, nimeisoma barua yako mara tatu. Unajua umenipa nini? Marehemu anatumika kutangaza bidhaa, jukwaa la mtandaoni linapata faida, muuzaji yuko nchi nyingine, mlalamikaji ni mtoto mdogo. Kila swali ambalo wataalamu wenzangu wanalipigia kelele liko ndani ya klipu moja fupi. Nimetafuta mfano wa namna hii kwa miaka.

Nitumie maelezo yote uliyoandika, na nakala moja safi, isiyo na muziki wala kuku. Nikiwa navyo nitajua pa kuwabana. Usiache kitu.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu, mwanasheria wangu, miwani yangu,

Hamjambo nyote? Leo mimi sijambo kweli, si ule usijambo wa mdomoni.

Nimetafuta kutwa nzima. Haipo. Ya kofia haipo, ya kuku haipo, na duka la ngazi wameiondoa na kuweka picha ya mzungu anayepaka rangi ukuta. Sijui uliwabana wapi, lakini kubanwa wamebanwa. Hiyo nakala safi niliyokutumia nilimwomba yule kijana wa duka la simu aliyerekodi. Alinipa bila kuniangalia usoni, kisha akafuta ya kwake mbele yangu.

Nimeutoa mlango wa stoo komeo. Kidoti anakaa kwenye kiti chake, wateja wanachezea simu zao, na mimi nasuka bila kugeuza shingo kila dakika. Usingizi umerudi.

Niseme ukweli, nilikuteta moyoni. Nilisema huyu mdogo wangu amekula vitabu, sasa vitabu vinamla yeye. Nisamehe. Nimewaambia wateja wote mdogo wangu ni nani. Na Kidoti anasema akikua atakuwa mtu wa mtandao kama babu, atafuta vitu vibaya.

Mungu akulipe.

Dada yako mwenye shukrani


11 Juni

Dada mpendwa,

Natumaini mko salama. Wifi yako anakusalimu, bado ana kichwa cha magugu.

Nina habari njema ya kukutoa jasho la furaha. Wiki iliyopita nilitoa mhadhara chuoni mbele ya wataalamu wa sheria za mtandao kutoka kila pembe. Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Mimi unanijua, hotuba zangu huwa nzito, lakini safari hii hata utani ulinikaa, watu wakacheka na mwishoni wakasimama kupiga makofi. Nimeshaambiwa kuna kiti kwenye baraza la juu, wananisubiri mimi tu.

Chuo kimeuweka mtandaoni. Linki hii hapa chini. Kaeni wote mnitazame, na Kidoti pia, aone elimu inavyomfikisha mtu.

Mdogo wako


12 Juni

Wakili,

Nilifunga saluni mapema. Niliwakalisha wateja wanne, na yule mwalimu wa chekechea akiwemo. Kidoti nilimpakata. Tulipokuona na suti tukapiga vigelegele. Kidoti akabusu simu.

Halafu nyuma yako, kwenye ukuta mzima, mwanangu akapanda ngazi. Ile safi. Bila muziki, kwa hiyo tulisikia alivyotua.

Nilimziba macho mtoto nimechelewa. Alishasema, "Baba!" kwa furaha, kwa sababu alikuwa anapunga mkono.

Na wewe ukageuka kwa wenzako ukasema, "Huyu ndiye mlalamikaji wetu. Tatizo lake ni moja tu, hawezi kujaza fomu." Ukumbi mzima ukacheka. Kisha ukaanza kuwasomea maneno yangu ya stoo, shati la bluu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kuigiza.

Yule mwalimu ndiye aliyeizima simu. Alinishika miguu akilia.

Iondoe leo.


30 Juni

Dada mpendwa,

Natumaini hasira zimeshuka na afya ni njema. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia.

Nimesikitika mlivyolipokea jambo hili. Jina la marehemu sikulitaja, wala lako. Utani ule si wa kumdhihaki, ni wa kuonyesha pengo la sheria. Wataalamu wamenielewa. Na tuambizane ukweli, Dada: nani alimkalisha mtoto mbele ya simu bila kuitazama kwanza? Miezi miwili nakufundisha utazame kabla ya kusema, ulipofika kwangu ukasahau.

Kuiondoa haiwezekani. Kanuni zinalinda kila kitu cha kufundishia, na nilipigania kifungu hicho mimi mwenyewe. Leo nikiomba kivunjwe kwa ajili ya ndugu yangu nitachekwa. Chuo hakitakubali, na kwa sasa inatafsiriwa kwa lugha tatu. Nimeomba wamfunike uso, wakasema itapunguza uhalisia.

Tena kisheria, wewe huna shauri. Mwenye haki ni Kidoti, na Kidoti hajalalamika.

Tusiachie jambo dogo litutenge.

Mdogo wako


14 Julai

Babu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo. Bibi goti linamuuma. Hakuandikii tena. Amenisomea barua yako, akasema kama ni mimi ndiye mwenye haki basi niandike mimi. Maneno ni yangu, bibi amesahihisha mawili.

Nimeitazama mwanzo hadi mwisho kwa macho yangu. Bibi hakutaka, lakini nilimwambia ndiyo sheria. Nimeitazama kwa simu ya mteja kisha nikarudia. Kinachoonekana ni mwanamume mwenye shati la bluu. Anapanda ngazi. Anapunga mkono. Anacheza. Sikujua kwamba baba alikuwa anajua kucheza, mimi sina video yake nyingine. Anaanguka. Babu anasema kitu. Watu wanacheka.

Nilimuuliza bibi wanacheka nini, akasema hajui, labda wewe unajua.

Bibi anasema haifutiki kwa sababu ni ya kufundishia. Kama haifutiki naomba ufute pale wanapocheka tu. Baba umwache.

Mjukuu wako