Koti la Koplo Mashaka na Majina ya Wenzake

Mwaka umekatika, Babu Mashaka, tangu tukulaze kwenye udongo wa Maparoni, na bado ikisikika hodi asubuhi tunadhani ni wewe, umetoka kwenye mpunga unadai chai yako.

Ulikuwa mpole, wewe! Mwanajeshi gani anawabembeleza kuku waingie bandani? Ulikwenda Vita vya Kagera na bunduki begani, ukarudi huna makelele. Cheti chako cha jeshi kipo sandukuni. Lakini kila mwaka kwenye hitma ulikuwa unatoa kile kitabu ulichoandikia vitani, unawasomea dua wenzako wa platuni waliobaki kule, jina baada ya jina. Hapa nyumbani hakuna mwingine aliyeyajua.

Sasa sikia tulichofanya! Msibani, mtani wako Mwinyimvua wa Mloka alivaa koti lako la jeshi akapiga kwata uani, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Akaondoka nalo. Alichochukua mtani msibani hakidaiwi, tunajua. Ila hitma ya mwaka ikakaribia, kitabu sandukuni hakimo! Ndipo mjukuu wako Yasmini akakumbuka alivyokutungia uzi kwenye sindano, ukakishonea ndani ya koti kisije kikalowa.

Mkeo, Bibi Mwanaharusi, chakula hakikushuka. "Wale watoto wa watu nani atawaombea?" Akapanda boti, akapita Kibiti, huyo mpaka Mloka.

Mwinyimvua alikuwa shambani. "Shemeji, umekuja nikurithi?"

"Unirithi na mdomo huo? Toa kitabu cha mume wangu."

"Kitabu? Mimi nilijua hirizi! Kitu kimefungwa nailoni, kimeshonewa kwapani, nikasema Koplo kaniachia dawa ya tembo."

"Na tembo wakaogopa?"

"Waogope wapi! Wamemaliza mahindi, nusura wanimalize na mimi."

Bibi alicheka, Babu. Tangu uondoke hatukuwa tumemsikia akicheka. Akapewa kitabu, koti akamwachia mwenyewe.

Ijumaa, hitma ilipokwisha, mwanao Haruna akasoma kwa sauti: "Leo tumechimba handaki kwenye mvua. Udongo mwekundu, hauna harufu ya kwetu. Twalha kanipa soksi zake kavu, kasema yeye miguu yake ya pwani imezoea maji." Kisha akaingia kwenye majina. Twalha. Abubakary. Mrisho. Wote wale, na watu wakiitikia, "Mola amrehemu." Mwinyimvua naye alikuwepo, na koti lake, safari hii hana utani hata kidogo.

Jina la mwisho likasomwa. Haruna akafunga kitabu.

"Fungua, mwanangu," Bibi akasema. "Bado babako."

Haruna akaomba kalamu.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanaharusi, wanao Haruna na Swaumu, wajukuu zako Yasmini na Iddy, mtani wako Mwinyimvua, na ndugu wote wa Maparoni, Kibiti na Mloka.

Jina lako tutaliita kila mwaka, Babu, maadamu tuko hai.