Sponji Nyeupe

Jumapili, 2 Juni

Nimeamka kabla yake tena. Nimemtazama akilala. Wiki tatu za ndoa na bado siamini kwamba Josefu ni wangu. Kisha nikawalisha samaki, punje chache tu, kama alivyonionyesha. Zawadi yake ya harusi: tangi la kioo sebuleni na samaki sita wadogo wa Kigoma, kila mmoja urefu wa kidole. Wawili wanaofuatana amewaita Bwana Harusi na Bi Harusi. Alisema mbele ya wageni wote: wakinenepa hawa, mjue napendwa. Nililia kwa furaha, wanja wote ukaharibika.

Watanenepa!

Jumanne, 4 Juni

Maji yana ukungu. Filta ya zamani imekufa. Josefu kaniachia nichague mpya mwenyewe. Mimi! Dukani, mtaa wa Ng'ambo, zipo mbili. Moja ya kuning'iniza ukingoni, ina mota, inavuta kwa nguvu. Nyingine ni sponji ya kukaa chini, inaunganishwa na pampu ya hewa. Mapovu yanapanda polepole. Muuzaji akasema ile ya mota hunyonya vichanga vya samaki. Bi Harusi amejaa mayai. Sikusita. Sponji.

Jioni kaja wifi Agripina, dada yake Josefu. Yeye ndiye aliyelitunza tangi hili kabla sijaolewa. Kacheka: "Mkimbizi wa Ulyankulu kapewa samaki, kadhani mboga!" Babu ndiye aliyekimbia Burundi; mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu naye kazaliwa hapa. Lakini wifi ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Nikacheka naye. Iliniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Maji yametakata, kama hayapo. Josefu kanibusu paji la uso. Kasema nimechagua vizuri. Nimeimba siku nzima.

Jumamosi, 15 Juni

Sponji imegeuka kahawia. Wifi kaiona hata kabla ya kukaa. "Huo uchafu ndio tuliooa? Sisi sponji tunaifua kwa sabuni ya unga, mpaka iwe nyeupe kama shela." Nikaona aibu mpaka masikioni. Josefu alikuwa palepale na kikombe chake cha chai. Hakusema neno. Basi nikajua ni kweli.

Nimeifua kwa sabuni na brashi. Mara tatu. Nyeupe! Nimemwita Josefu aione. Katabasamu.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka misa. Wawili wanaelea. Kufika saa kumi, wanne. Nimebadilisha maji. Nimesali. Josefu kaenda kutazama mpira.

Jumatatu, 17 Juni

Wote sita. Bi Harusi wa mwisho.

Nimekwenda kwa muuzaji nikamweleza. Kasikitika. Ule ukahawia ndio unaoyaweka maji hai, kasema. Sponji husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, sabuni isiiguse kabisa. Mfugaji yeyote anajua.

Kwa hiyo wifi alijua. Nikamuuliza Josefu kama naye alijua. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Utani huo, mke wangu. Dada alinikonyeza ninyamaze, tuone kama utaamini." Atanunua wengine, kasema. Baadaye wifi kapiga simu kunipa pole ya msiba. Nyuma yake watu wanacheka.

Sijalia. Wifi namchukia. Josefu nampenda. Samaki nimewatia kwenye mfuko, nikaweka kwenye friza.

Jumapili, 23 Juni

Wifi kaja kula mchana. Ugali, mlenda, dagaa wa Kigoma kwa karanga. Nimewachanganya sita wangu humo, bila vichwa. Karanga huficha kila kitu.

Nimepakua mwenyewe. Bwana Harusi kwa wifi. Bi Harusi na mayai yake kwa Josefu. Wifi kaomba aongezwe. "Mkimbizi, leo umepika!" Josefu kanikonyeza huku anatafuna. Mzuri jamani, hata akitafuna. Mimi nimekula mlenda.

Hawatajua. Utani wao ulikuwa wa kuchekwa na watu. Wangu unakaa humu daftarini.

Wifi ameondoka. Josefu amelala kwenye kochi, mdomo wazi kidogo. Nimesuuza sponji kwa maji ya tangi, taratibu, nikairudisha mahali pake. Nikawasha pampu. Tangi halina kitu. Mapovu yanapanda.