Gauni la Mfadhili

Jumatatu, 4 Novemba

Chiriku kaja leo, anaongea tangu mlangoni. Jina hilo walimpa wenzake bwenini, na hawakumwonea. Mitihani imekwisha. Jumapili ibada ya shukrani, Jumatatu anapanda basi kwenda chuo cha ualimu. Mbali. Nikamwambia hongera, nikainamia cherehani. Uzi ukawa unakatika ovyo.

Kaleta kitambaa. Kijani, maua meupe madogo. Kakinunua kwa hela za kuwasuka wenzake. Anataka nimshonee mfadhili wake gauni, mchungaji amfikishie. Watoto wote wa bweni la yatima hutoa zawadi siku hiyo, nyingi ni kadi na vitambaa vya meza. Yeye anataka gauni.

Mfadhili wake ni mimi.

Tangu yuko darasa la pili, na hajui. Anayejua ni mchungaji peke yake. Ndiyo sheria ya shule yake ya kanisa, mfadhili hajitaji. Sare za shule nashona mimi, kwa hiyo nampima kila mwaka. Mabega yake nayajua kuliko yangu. Na mtoto ananiita fundi.

Jumanne, 5 Novemba

Jana nilisahau kumwuliza vipimo. Leo kaja navyo kichwani! Mfadhili ni mrefu, anasema. Mwembamba, shingo ndefu. Yuko ofisini, huenda ni daktari. Sauti ya upole. Anamtaja kwenye sala ya bweni kila asubuhi, basi kamzoea mpaka anamwona.

Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Mfupi. Nyuma nimeshiba kama gunia la mpunga. Sauti yangu fundi viatu wa jirani anaisikia hata redio yake ikiwa juu.

Nikaandika vipimo vya daktari. Kiuno cha nyigu! Nilicheka mpaka alipoondoka. Halafu nikakaa na kitambaa mapajani. Naona wivu — tena kwa mwanamke ambaye hayupo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kwa mchungaji. Nikamwambia nataka kujitaja kabla mtoto hajaondoka. Nilidhani atanigombeza. Wala. Alisema sheria ni ya shule lakini mdomo ni wangu. Ila nifikirie jambo moja: leo Chiriku huja kwangu kwa kuwa anapenda. Akishajua, atakuwa anakuja kushukuru. Kawaona wengi waliopiga magoti mbele ya wafadhili wao, na mpaka leo hawajainuka.

Nikarudi nimenywea.

Kweli tupu, siwezi kubisha. Anaingia hapa, anavua viatu, anakula viazi vyangu bila kuuliza. Nikimwambia sketi imekuwa fupi, ananuna. Nani humnunia mfadhili wake? Siku aliyokariri zaburi nzima alikuja kunisomea mimi kwanza, nikamshikia Biblia asikosee, na aliponyamaza katikati nikamtazama tu, akakumbuka. Hayo nayapata kwa sababu mimi ni fundi.

Lakini nataka! Kwenye daftari hili sina wa kumwonea haya. Nataka aseme mbele za watu, huyu ni mama yangu. Mama naitwa na kila mtu, hata muuza mkaa, kwa ajili ya umri na unene. Hiyo haihesabiki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Mungu akitunyima kwa mkono huu atatupa kwa ule. Katupa. Marehemu hakuwahi kumwona mtoto huyu, na mimi namwona nikiwa nimefungwa mdomo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekata.

Nilichora chaki kwa vipimo vya daktari. Nikashika mkasi. Nikafuta chaki yote, nikachora upya. Sikujipima, sihitaji.

Gauni pana hupunguzwa, jembamba haliongezeki. Ndivyo nilivyojiambia siku nzima. Naweza kulibana hata dakika ya mwisho. Fundi yeyote angefanya hivyo.

Fundi yeyote! Najidanganya mchana kweupe.

Ijumaa, 8 Novemba

Fundi viatu kachungulia, kauliza zuri hivyo la nani. La mteja. Akasema huyo mteja umbo lake kaliazima kwangu. Nikamfukuza. Nikashona upindo kwa mkono, polepole, nisije nikamaliza. Sijalibana.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandikia nyuma ya pazia la wateja, daftari gotini. Chiriku yuko upande wa pili.

Alipofika alilitandaza mezani. Akalipapasa mabegani. Akauliza mbona kiuno kimekuwa kipana, alisema mwembamba. Nikamjibu watu wazima hunenepa, nimeacha nafasi. Akacheka, akasema basi nilivae mimi aone linavyoanguka. Nikakataa. Nina kazi, nina jasho. Akanisukuma huku nyuma kama anavyowasukuma wadogo zake wa bweni kwenda kuoga.

Nimelivaa. Zipu imepanda yenyewe. Limekaa begani, limekaa kiunoni, limeshuka mpaka chini ya goti pale pale ninapopenda. Maisha yangu yote nimevalisha watu, sijawahi kujishonea kitu kikanikaa hivi. 

Ameuliza kama nimekwama. Nikasema zipu. Akauliza anisaidie? Nikasema hapana, kaa huko huko. Akakaa kwenye stuli yangu, akawa anakanyaga cherehani bure, anaimba pambio la kesho. Jumatatu basi linaondoka alfajiri. Nikilivua sasa, nikitoka na gauni mkononi, nitasema nalibana jioni, na yataisha. Ataendelea kunipenda bure, na huyo daktari atabaki na sala zake.

Cherehani imenyamaza. Kuimba kumekoma.

Anauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama gauni limenitosha.

Limenitosha. Naweka kalamu chini, nashika pazia.