Kila Mugeni na Jiwe Lake

Papa Furaha,

Niko na miaka sabini na nane, ao themanini. Karatasi yangu ya kuzaliwa iliungua na volkano ya kwanza, na hakuna mutu aliyebaki wa kunipinga. Nimepita volkano tatu. Nimepita wake wawili, Mungu awarehemu, na vita ambazo majina yake yananichanganya. Nimepita mashofere wote wa rika langu, wale waliosema Ramazani anaendesha kama mutu anayefukuzwa na nyuki. Wote wamelala. Na sasa wewe pia nimekupita. Hilo sikulipanga, maana mukubwa nilikuwa mimi na zamu ilikuwa yangu.

Utacheka ukiona mwandiko. Kuku amepita kwenye majivu, ndivyo ulikuwa unasema. Sawa. Lakini kuku huyu anaandika mwenyewe. Sikuomba mutoto wa shule aniandikie, kwa sababu hao wanapamba maneno ya mutu mpaka mwenyewe hayatambui tena.

Nimechoka, ndugu yangu.

Jeep iko juu ya mawe hapa kwangu, mutaa wa Mapendo, haina gurudumu hata moja, na kuku wa jirani wanataga kwenye kiti chako cha mbele. Niliwafukuza, wakarudi, nimewaacha. Tangu vita iingie muji, ndege hazishuki tena na wageni wetu hawaji. Asubuhi navaa koti langu la safari, nakaa mbele ya nyumba. Vijana wa pikipiki wanapita wananiita, "Shofere, leo tunaenda wapi?" Nawajibu, "Mahali baba yako hajafika." Wanacheka, nami nacheka kidogo. Kisha naingia ndani, navua koti.

Unakumbuka namna tulivyoanza? Wengine wote walikuwa wanapeleka watalii kuona ngagi, wale masokwe wakubwa wa musituni, na moto wa volkano. Wewe ukasema tuwapeleke Gasiza, kwenu, kwa ule mulima ambao hata wauza samaki, wanaofika kila mahali, wanausahau. Nikakuuliza, nani atatoka Ulaya kuona mahali hakuna kitu? Ukasema, "Kuna watu, Shofere. Wewe endesha." Nikabisha sana. Kisha nikaendesha. Na ile njia, ukiisha kupita Rumangabo na kuacha barabara kubwa, wakati wa mvua hakuna shofere mwingine aliyeiweza. Nalisema bila haya. Wengine walizama pale mpaka kwenye milango, wakavutwa na ng'ombe.

Uliweka sheria zako, nami nilizichukia zote kwa zamu. Mugeni asalimie kwanza, picha baadaye. Alale nyumba hii leo, kundi lingine lilale nyumba ile, jirani asinune. Na wasizidi sufuria. "Wageni ni wale wanaotoshana na sufuria moja ya Mama Furaha," ulisema. "Wakizidi hapo si wageni tena, ni mukutano." Yule bwana wa kampuni ya watalii, mwenye miwani myeusi, alipotaka tumupandishie watu ishirini kwa siku moja, ulimuuliza tu kama analeta sufuria yake. Mimi nilitamani kukupiga. Ningenunua magurudumu mapya.

Halafu ile sheria ya jiwe.

Gasiza ni udongo mutupu, kila mwaka mvua inakula kuta za watu. Mawe yote yako chini, pale volkano ya zamani ilimwaga, karibu na njia. Ukasema kila mugeni anayepanda achague jiwe moja analoliweza, alibebe mpaka juu, na hayo ndiyo tujenge nayo nyumba ya wageni. Nilikuambia wanaume wa Gasiza wana mabega, kwa nini tutese watu waliolipa? Ukasema mutu akibeba kitu mpaka kwako, hawezi tena kusema alipita tu.

Nakumbuka yule mama muzee wa Ubelgiji, alibeba kajiwe ndani ya kofia yake kama yai. Alikataa kushuka mulima mpaka ukatie udongo na kukaweka kwenye ukuta mbele ya macho yake. Na yule kijana mwenye mikono minene aliyechagua jiwe kubwa ili wasichana wamuone. Liliposhinda pumzi yake alilitua katikati ya njia, akajifanya anafunga kiatu. Ulilichukua wewe, ukapita mbele yake. Liko chini ya mulango mpaka leo. Kila nikilikanyaga nakusikia unakohoa.

Ulikufa na ukuta umefika mabegani. Ulikufa kitandani, kwa mapafu yako, na watu wa hapa walishangaa kusikia mutu amekufa kwa ugonjwa tu. Uliniambia, "Shofere, watarudi. Nyumba isikae bila paa." Nikasema ndiyo. Ndiyo ni neno jepesi ukiwa umeshika mukono wa mutu.

Basi nikuambie kilichotokea.

Siku moja Mama Furaha akanipigia simu. Akasema watu wanapanda mulima, wamekimbia vijiji vya chini, na yeye anawaweka kwenye nyumba ya wageni, hivyo hivyo bila paa.

Nikamuambia, "Ile nyumba ni ya wageni."

"Na hawa ni nini?"

"Hawa ni wakimbizi."

Akasema, "Njoo uwaambie wewe mwenyewe, Papa Ramazani, kwa kinywa chako," akakata.

Nikavaa koti, nikapanda pikipiki. Dereva alikuwa ananiambia, "Muzee, nishike, usianguke," mimi niliyeendesha njia ile kabla mama yake hajaolewa. Nikamulipa anishushe pale chini, kwenye mawe. Na kweli watu walikuwa wanakuja, na magodoro, na bidoni za maji, na mbuzi mumoja aliyechoka kuliko wote. Nikasimama kati ya njia.

Usinihukumu haraka. Nilifikiri hivi: leo wataingia bila jiwe, kesho hakuna atakayekumbuka nyumba ile ilijengwa namna gani, na wewe utakuwa umekufa mara ya pili. Ndiyo maana nilisimama. Nikawaambia mulima huu uko na sheria, kila mutu na jiwe lake, hata dogo.

Kijana mumoja akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Muzee, tumekimbia risasi, wewe unatupa salongo?"

Nikamuambia salongo ni kazi ya lazima ya serikali, hii ni ya Papa Furaha. Akauliza Papa Furaha ni nani. Fikiri, kwenye mulima wako mwenyewe.

Nyuma yake alikuja mama mumoja amebeba mama yake mugongoni, amemufunga na kikwembe kama mutoto. Bibi mukavu, miguu inaning'inia. Yule mama akasema, "Nimebeba huyu tangu kwetu. Unataka nimuweke chini nichukue jiwe?" Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka namna mimi nimechoka, nikamutambua. Nikasogea pembeni. Mimi, Ramazani, ambaye sijawahi kusogea hata kwa lori la jeshi.

Lakini yule bibi akatoa mukono kwenye kikwembe. "Leta hilo jiwe," akasema. "Mimi mikono yangu haina kazi."

Nikainama, nikamupa kadogo, kama ka yule mama wa Ubelgiji. Akakaangalia, akakatupa. "Hako ni ka kuku kuchezea. Nipe jiwe."

Binti yake akasema, "Mama, unaniongezea mizigo."

"Nilikubeba wewe na kuni na maji," bibi akasema. "Panda."

Nikamupa jiwe lenye ukubwa wa mukate. Akalikumbatia katikati yake na mugongo wa binti yake, wakapanda. Yule kijana wa salongo akawaangalia wakipita. Akatema mate, akainama, akachukua lake. Na wengine. Hakuna aliyeniuliza tena Papa Furaha ni nani. Nikabeba mawe mawili, moja kila bega, kwa miaka hii yangu, bila kupumzika. Sawa, nilipumzika pale kwenye kivuli cha muti wa mukunyu. Kila mutu anapumzika pale.

Mama Furaha alikuwa anatungoja juu, mikono kiunoni, maneno ya kunigombeza ameyapanga tayari. Yule bibi akashushwa. Jiwe lake hakuliacha, akauliza, "Naliweka wapi?" Na Mama Furaha, Papa Furaha, yule mwanamuke wako mwenye ulimi, akameza maneno yake yote. Akamushika bibi kiwiko, akamupeleka ukutani, akakanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe.

Sufuria moja haikutosha, hilo utakuwa umelifikiri. Nilimukumbusha sheria yako. Akasema, "Yeye amekufa, sufuria ni zangu," akaazima mbili kwa jirani. Sikubisha. Nimeanza kupoteza nguvu za kubisha, na hilo linaniogopesha kuliko mapafu yako.

Wale watu wamekaa. Ukuta wameumaliza wao, wamepita madirisha, maana yule kijana wa salongo kumbe ni fundi. Paa ni bashi, zile turubai za plastiki walizokimbia nazo, wamezishona pamoja kwa kamba. Upepo ukija zinapiga makofi. Si mabati. Najua si mabati. Lakini mvua ya kwanza ilipita juu yake na ndani watoto walikuwa wamelala wakavu, nimewaona.

Basi nakuahidi mabati. Nitauza jeep, ambayo sasa ni nyumba ya kuku tu, na bashi zitashuka. Na siku wageni wetu wa mbali watarudi, nitawangoja chini pale pale, na koti langu, kama bado napumua. Watasalimia, watabeba mawe, na hayo mawe tutajenga nayo nyumba ya pili, kwa sababu ya kwanza ina wenyewe. Hawatazidi sufuria. Hapo siachi, hata Mama Furaha aseme nini.

Lala, ndugu yangu. Zamu yangu iko karibu, lakini si kabla ya paa.

Najua hauniamini. Hata siku niliyokuambia ukweli kuhusu yule ng'ombe aliyetoboa redieta ya jeep haukuniamini. Usimuulize Mama Furaha ukimutembelea ndotoni, yeye atasema nilibeba jiwe moja. Muulize jirani yako mupya. Tulimuzika wiki iliyopita pale upande wa migomba, kaburi lake na lako yanasikilizana. Ni yule bibi. Anaitwa Nyirahabimana. Alikaa nasi mpaka mwisho ndani ya ile nyumba, na kila asubuhi alikuwa anapitisha mukono ukutani kulitafuta lake.

Atakuambia yote namna yalivyokuwa, na mawe yangu yalikuwa mangapi. Mukaribishe vizuri, Papa Furaha. Huyo hakupita tu.

Mimi, Shofere wako,
Ramazani